Herufi Zisipotee Njiani: Kusakinisha Fonti na Kugeuza Maandishi Kuwa Picha

Mabango mengi yanayobandikwa siku hizi kwenye kuta za masoko, milango ya makanisa na misikiti, na ofisi za wadi hutengenezwa na wakazi wenyewe. Katibu wa mradi wa maji, mwalimu wa chekechea, mweka hazina wa chama cha akina mama, kijana mwenye kibanda cha saiba: kila mmoja amewahi kuketi mbele ya kompyuta na kupanga tangazo la mkutano, mwaliko wa harambee au orodha ya bei. Kazi huanza vizuri nyumbani. Matatizo hutokea pale flashi inapochomekwa kwenye kompyuta ya mchapishaji. Herufi nzuri zilizochaguliwa kwa muda mrefu zimegeuka, mistari imesukumana, tarehe ya mkutano imeteremka hadi ukurasa wa pili, na mahali palipokuwa na herufi fulani pamekaa kisanduku kitupu. Foleni ni ndefu, mwenye mashine ana haraka, na mwenye bango anatakiwa aamue papo hapo: lichapishwe hivyo hivyo au arudi nyumbani. Wengi huchapisha hivyo hivyo.

Sababu ni moja, nayo si ubovu wa kompyuta ya saiba. Waraka wa kawaida haubebi fonti. Unabeba jina lake tu. Fonti ni faili inayokaa ndani ya kompyuta, yenye maumbo ya herufi zote, tarakimu na alama za uandishi za mtindo mmoja. Waraka unapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine, kompyuta hiyo hulitafuta jina hilo miongoni mwa fonti zake, na ikilikosa huchukua fonti nyingine iliyo karibu. Kwa kuwa herufi za fonti moja ni pana au nyembamba kuliko za nyingine, mistari hukatika mahali pengine na mpangilio wote huyumba.

Anayetaka bango lifike salama ana mambo matatu ya kufanya: kuchagua fonti inayofaa na kuijaribu, kuisakinisha ipasavyo, kisha kuyafunga maandishi ndani ya picha au faili ya PDF kabla hayajaondoka nyumbani.

Fonti gani, na kutoka wapi

Intaneti imejaa fonti za bure, lakini neno “bure” lina maana zaidi ya moja. Baadhi hutolewa kwa matumizi ya nyumbani pekee. Mtu akiiweka fonti kama hiyo kwenye kadi ya harusi ya dada yake hakuna neno, ila akiiweka kwenye kibandiko cha chupa za asali anazouza sokoni, anahitaji kununua leseni. Faili ya fonti ina mwenyewe, kama programu nyingine yoyote, na kazi za aina hiyo zinalindwa nchini na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Ndani ya folda inayopakuliwa huwa na faili fupi ya maandishi inayoeleza leseni. Wengi huifuta bila kuisoma, ilhali dakika mbili zinatosha kuipitia.

Njia rahisi ni kutafuta fonti zilizo chini ya leseni ya wazi iitwayo SIL Open Font License. Leseni hiyo inamruhusu mtu kutumia fonti nyumbani, shuleni, kanisani na hata kwenye biashara bila malipo. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Fonti nyingi zinazopatikana kwenye Google Fonts ziko chini ya leseni hii.

Mojawapo ya fonti hizo ina jina ambalo halihitaji kufasiriwa hapa: Andika. Ilitengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na jina lake lilichukuliwa kutoka Kiswahili. Herufi a na g zimechorwa kama mwalimu anavyoziandika ubaoni, na herufi zinazofanana zimetenganishwa ili mtoto asizichanganye. Kwa mabango ya shule za chekechea na madarasa ya elimu ya watu wazima ni vigumu kupata inayofaa zaidi.

Fonti zenye mikia, maua na mizunguko zina mahali pake. Kadi ya arusi inaweza kuzibeba, maana mgeni ana muda wa kuitazama na tayari anajua inahusu nini. Tangazo la chanjo ya ng'ombe husomwa na mtu aliye juu ya bodaboda. Hapo fonti iliyonyooka, nene kiasi, ndiyo inayofanya kazi.

Kabla ya kitu kingine: majaribio ya herufi

Hapa ndipo mabango mengi huharibika, na ndipo uangalifu unapolipa zaidi. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina alama za juu ya herufi, kwa hiyo karibu kila fonti hukimudu. Kuna kipengele kimoja tu cha kuchunga, nacho ni alama ndogo ya juu katika ng'. Fonti kadhaa za mapambo hazina alama hiyo au zimeichora vibaya, na waandishi wengi hufanya njia ya mkato kwa kuiacha. Si jambo dogo. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni tamaa au wivu. Bango la kilimo linalosema “ngoa magugu” linamwambia msomaji neno jingine kabisa.

Lugha nyingine za nchi zinahitaji zaidi. Gĩkũyũ, Kikamba, Kimeru na Kiembu zina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama ya kiwimbi juu: ĩ na ũ. Mtu huitwa mũndũ, na mti huitwa mũtĩ. Bila viwimbi, msomaji hulazimika kukisia irabu ipi ilikusudiwa, na mzee anayesoma lugha yake kwa taabu kidogo huachana na bango katikati. Sasa, fonti nyingi za mapambo zilitengenezwa na watu waliokuwa wakifikiria Kiingereza tu. Hazina ĩ wala ũ. Kompyuta ikikosa umbo hilo hufanya moja kati ya mambo mawili: huazima herufi kutoka fonti nyingine, hata neno moja likawa na nguo mbili, au huweka kisanduku kitupu. Visanduku hivyo ndivyo vilivyowapa watengenezaji wa fonti za Noto jina lao. Watu wa kompyuta waliviita “tofu” kwa kuwa vinafanana na vipande vya chakula hicho cha soya, na Noto ilikusudiwa kuviondoa.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Kabla ya kuipenda fonti, mtu aandike kwa fonti hiyo mstari mmoja wenye herufi zote ngumu, kubwa na ndogo: ĩ ũ Ĩ Ũ ng'. Aongeze tarakimu zote kuanzia 0 hadi 9, alama ya jumlisha, alama ya @ na alama ya mkwaju. Tarakimu hazisahauliki bila hasara. Ziko fonti ambazo 1 na herufi l hazitofautiani, au 0 na O, na bango la mchango lenye nambari ya Paybill inayosomeka kwa namna mbili hupeleka pesa za watu kusikojulikana. Kwenye tovuti nyingi za fonti kuna kisanduku cha kuandika maneno ya majaribio kabla hata ya kupakua, kwa hiyo kazi hii haigharimu chochote isipokuwa bando kidogo.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni namna ya kuziandika herufi hizo kwa kibodi ya kawaida. Kwenye Microsoft Word au LibreOffice ya Windows, mtu huandika 0129 kisha hubonyeza Alt na X kwa pamoja, na tarakimu hizo hugeuka kuwa ĩ. Kwa ũ tarakimu ni 0169. Herufi kubwa Ĩ ni 0128, na Ũ ni 0168. Ni vyema kufanya hivyo kwenye nafasi tupu, kisha kunakili herufi na kuibandika ndani ya neno, maana herufi za jirani kama a au e zinaweza kuingizwa kwenye hesabu na kutoa alama isiyotarajiwa. Kwenye baadhi ya simu inatosha kuikandamiza i au u kwa muda hadi herufi zenye alama zijitokeze juu yake.

Kwa wanaoandaa matangazo ya madrasa au maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, jaribio ni tofauti. Herufi za Kiarabu huungana, na umbo la kila moja hubadilika kulingana na mahali ilipo katika neno. Programu dhaifu za picha huziachanisha na wakati mwingine huzipanga kinyume, kutoka kushoto. Fonti za Scheherazade New na Amiri zina maumbo yote yanayohitajika na ni za leseni ya wazi, lakini fonti nzuri haiwezi kuokoa programu mbovu. Mtu anayejua kusoma maandishi hayo ayapitie kwenye kioo kabla hayajachapishwa.

Kusakinisha

Fonti hupakuliwa kama faili iliyobanwa, yenye herufi zip mwishoni mwa jina. Ndani yake, faili za fonti zenyewe huishia na ttf au otf. Jambo la usalama linaanzia hapa. Faili inayodai kuwa fonti lakini jina lake linaishia na exe, msi au apk ni programu, na haifai kufunguliwa hata kidogo. Kurasa nyingi za fonti za bure huzungushiwa vitufe vya kijani vya matangazo vilivyoandikwa “pakua”, na kitufe halisi huwa kidogo pembeni. Fonti ya herufi za Kilatini kwa kawaida ni faili ndogo, mara nyingi chini ya megabaiti moja. Ikiwa kinachoshuka kina mamia ya megabaiti, ni busara kukikatiza.

Kwenye Windows, faili ya zip hubofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha huchaguliwa “Extract All” ili yaliyomo yatolewe kwenye folda ya kawaida. Watu wengi huruka hatua hii na kufungua fonti ikiwa bado ndani ya zip, kisha hushangaa haionekani. Baada ya kutolewa, faili ya fonti hubofywa mara mbili, dirisha hufunguka likionyesha sampuli ya herufi, na juu yake kuna kitufe kilichoandikwa “Install”. Kazi imekwisha. Fonti yenye faili kadhaa, ya kawaida, nene na ya mlazo, isakinishwe yote. Aliyesakinisha ya kawaida pekee akibonyeza alama ya unene, kompyuta huinenepesha herufi kwa kubahatisha, na matokeo huwa kama wino uliomwagika.

Zipo folda ambazo ndani yake mna faili moja kubwa ya fonti na folda nyingine ndogo iitwayo “static”. Ile kubwa ni fonti inayoweza kubadilisha unene wake yenyewe, na programu za zamani hazielewani nayo. Anayetumia kompyuta kuukuu asakinishe zilizo ndani ya folda ndogo.

Programu ya kuandikia iliyokuwa wazi wakati wa kusakinisha haitaiona fonti mpya hadi ifungwe na kufunguliwa tena. Katika kompyuta za saiba, za maktaba au za vituo vya vijana, mtumiaji wa kawaida anaweza kukosa ruhusa ya kusakinisha kwa ajili ya watumiaji wote. Hata hivyo, tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa mwaka 2018, mtu anaweza kusakinisha fonti kwa akaunti yake pekee bila nywila ya msimamizi, isipokuwa msimamizi awe amefunga njia hiyo. Kwenye kompyuta za Mac faili hubofywa mara mbili na programu ya Font Book hufanya mengine. Kwenye Linux hunakiliwa kwenye folda ya fonti ya mtumiaji.

Simu za Android kwa kawaida haziruhusu fonti yoyote kusakinishwa kwa simu nzima. Kinachowezekana ni kutumia programu ya kutengenezea picha inayokubali kupewa faili ya fonti, kama PixelLab. Canva ina fonti nyingi zake yenyewe kwa watumiaji wasiolipa, lakini kuipakia fonti ya mtu binafsi ni huduma ya wanaolipia.

Kugeuza maandishi kuwa picha

Maandishi yakishakuwa picha, fonti haihitajiki tena. Kompyuta ya mchapishaji haioni herufi; inaona nukta za rangi, na nukta hazibadiliki mtindo. Hasara yake ni kwamba kosa la tahajia halirekebishiki ndani ya picha. Kwa hiyo waraka wa asili, ule unaoweza kuhaririwa, uhifadhiwe pamoja na faili ya fonti katika folda moja. Mkutano ukiahirishwa, ni tarehe tu inayobadilishwa na picha mpya hutolewa.

Programu ya Paint iliyomo katika kila Windows inaweza kuandika maandishi na kuyahifadhi kama picha, lakini maandishi yakishawekwa na kubofywa kando hayasogei tena. Inafaa kwa jina la duka, si kwa bango lenye mistari kumi. LibreOffice Draw, ambayo ni ya bure, ni rafiki zaidi. Ukurasa hupangwa kuwa A4, maandishi huwekwa ndani ya visanduku vinavyosogezeka, na kazi ikikamilika huchaguliwa “Export” na aina ya PNG. Dirisha linalofuata huuliza ukubwa. Hapa ndipo ukungu wa mabango mengi unapozaliwa: mtu hukubali ukubwa uliopendekezwa, picha huonekana safi kwenye kioo, kisha ikichapishwa herufi huwa na meno ya msumeno. Uchapishaji mzuri huhitaji takriban nukta 300 kwa kila inchi. Kwa karatasi ya A4 hiyo ni picha ya pikseli 2480 kwa 3508. Kwa A3 ni 3508 kwa 4961. Picha ya PowerPoint iliyohifadhiwa bila kubadilisha mipangilio huwa na pikseli 1280 kwa 720 tu, ambazo zinatosha simu na kuishia hapo.

Aina ya PNG ndiyo ya kuchagua kwa maandishi. JPEG hubana picha kwa kutupa sehemu ya taarifa zake, na kwenye uso wa mtu au mandhari ya mlima jicho halitambui, lakini kando ya herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe huacha vumbi la kijivu. Aidha, PNG inaweza kuwa bila mandharinyuma, hivyo jina la kikundi likawekwa juu ya picha nyingine bila kisanduku cheupe nyuma yake.

Bango kubwa la turubai, la mita mbili au tatu, ni suala jingine. Picha ya nukta ikitanuliwa kiasi hicho hupasuka. Kwa kazi hiyo programu ya bure ya Inkscape ina amri ya “Object to Path” inayogeuza kila herufi kuwa mchoro wa mistari. Mchoro huo hauhitaji fonti na hutanuka bila kupoteza ukali. Vilevile, waraka wa Word au LibreOffice ukihifadhiwa kama PDF hubeba fonti ndani yake, na wachapishaji wengi wanapendelea hivyo. Mwenye kutaka kupeleka waraka wa Word wenyewe anaweza kuweka alama kwenye “Embed fonts in the file” katika mipangilio ya kuhifadhi, ingawa fonti zenye leseni finyu hukataa kubebwa.

Picha inayopelekwa kwa mchapishaji kupitia WhatsApp itumwe kama faili ya waraka. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa njiani, na pikseli zote zilizohesabiwa kwa uangalifu hupunguzwa kabla hazijafika.

Wasioweza kuisoma picha

Bango la picha linaposambazwa kwenye makundi ya simu, wapo wakazi ambao kwao halijasema chochote. Mtu asiyeona hutumia simu inayomsomea maandishi kwa sauti, kwa TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye iPhone. Zikikutana na maandishi halisi husoma neno kwa neno. Zikikutana na bango la picha, mara nyingi husema “picha” na kunyamaza, au husoma kwa kukisia. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia za mawasiliano zinazomfaa, na Ibara ya 7 inaitaka Serikali kukuza lugha za kiasili pamoja na njia za mawasiliano zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kijiji hakihitaji mwanasheria ili kutimiza hilo. Chini ya picha huandikwa maneno yale yale: mkutano ni wa nini, tarehe, saa, mahali, nambari ya simu.

Maneno hayo huwasaidia wengine pia. Aliyeishiwa na bando ambaye picha haijamfungukia anasoma. Anayetaka kutuma mchango ananakili nambari ya Paybill badala ya kuiandika upya kwa kuikodolea macho. Na wiki mbili baadaye, mtu akitafuta neno “maji” ndani ya kundi, tangazo linaibuka.

Kuhusu nembo ya kaunti, haifai kuwekwa kwenye tangazo lisilotoka kwa kaunti, hata kama mkutano utahudhuriwa na afisa wake. Fonti inayofanana na ya barua rasmi hupatikana kwa dakika chache, na picha haionyeshi ilikotoka. Ndiyo maana matangazo ya uongo ya nafasi za kazi huja karibu yote kama picha. Mkazi anayepokea tangazo la ajira au la basari kwa njia hiyo alihakikishe kwenye ofisi ya wadi au tovuti ya kaunti kabla ya kutuma nambari ya kitambulisho au shilingi yoyote.